Bastola ya Msikiti na Kinu cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa hafungui saumu mpaka asikie bunduki. Hakutaka maneno ya jirani, wala kuku kuingia bandani, wala baridi ya jioni mgongoni. Alitaka bunduki. Alikaa shambani, nyuma ya kijiji chetu cha Mlingotini, upande wa kwendea Zinga, mahali ambapo sauti ya mwadhini haikufika hata siku ya upepo mzuri. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na kwake yeye mchana na usiku vilikuwa vimekaribiana sana. Ukimwambia, "Mama, jua limeshazama," anakujibu, "Limezama kwako wewe mwenye njaa." Basi, hapo umeshindwa.

Natanguliza hayo ili mtu asidhani kwamba sisi tulikuwa watu wa kuchezea silaha. Wakati ule misikiti haikuwa na vipaza sauti. Mwezi wa Ramadhani, mwadhini akishamaliza adhana ya magharibi, gobori la msikiti lilipigwa uwanjani, mtutu umeelekezwa baharini, na watu wa mashamba wakanywa maji. Kazi ya kulipiga ilikuwa ya ukoo wa mume wangu. Alilipiga babu yake, akalipiga baba yake, na baba yake alipofariki akalishika yeye. Mama mkwe alikataa kuhamia kijijini kwa kuwa kaburi la mumewe lilikuwa kule kule shambani, kwenye mikorosho. Miaka yote ya ndoa yake alifungua kwa bunduki ya mumewe, na sasa alifungua kwa bunduki ya mwanawe. "Nikiisikia," alisema, "najua jua limezama na mwanangu mzima."

Mimi na yeye hatukuwa chanda na pete. Alisema ninakaanga samaki kama mtu anayefukuzwa. Mimi nilisema, ila kimoyomoyo, kwamba kipofu anayejua rangi ya samaki wangu basi si kipofu. Lakini nilimheshimu, na kila nilipokwenda kumsalimu nilimpigia magoti na shikamoo yangu, naye alinipa marahaba ndefu, kisha akanipapasa mkono kuona kama nimenenepa.

Mwaka mmoja wa ile vita kuu ya pili, wakati nguo zilikuwa adimu na mafuta ya taa ni ya kugombania, gobori likapasuka. Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Jirani alikuwa ameliazima kufukuzia nguruwe waliomwingilia muhogoni, akashindilia baruti kama mtu anayejaza gunia, na mtutu ukafunguka ubavuni. Yeye mwenyewe alipona, ila nyusi zake zilikawia sana kuota. Fundi alilitazama gobori akatikisa kichwa. Hata kama angeliziba, alisema, baruti utapata wapi? Serikali ilikuwa imezuia, na dukani hakukuwa na hata ya kuweka kiganjani.

Mume wangu aliacha kula vizuri. Hakuwa anaogopa kunyang'anywa heshima ya ukoo, maana hakuna aliyekuwa na bunduki nyingine ya kumpokonyea. Alichoogopa ni mama yake kukaa gizani na kikombe cha maji mkononi, akingoja. "Atakaa mpaka daku," aliniambia. "Unamjua." Nilimjua.

Ndipo tukafunga safari ya Bagamoyo. Mimi nilimfuata kwa sababu ya nguo, kusema kweli, si kwa sababu ya bunduki. Tulitoka alfajiri kwa miguu, tukafika dukani kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza misumari, nyavu, sufuria, na kwa kibali maalumu silaha na risasi. Alikuwa mzaliwa wa pale pale mjini, Kiswahili chake hakina kasoro. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za watoto, mvua na vita, ndipo mume wangu akaeleza shida yake.

Mhindi akaingia ndani, akatoka na masanduku mawili ya mbao, akayafungua juu ya meza. Ndani ya kila moja mlikuwa na bastola, na ukizitazama zilikuwa pacha.

"Hizi ni ndugu, bwana," alisema. "Kiwanda kimoja, umbo moja, hata uzito ni mmoja. Tofauti yake ni chakula. Hii ya kwanza inakula risasi kubwa, na risasi zake sasa hazipatikani, na zikipatikana, moja tu ni bei ya kitoweo cha nyumba yako. Hii ya pili inakula hizi." Akamimina kiganjani risasi nyembamba, fupi, ukizitazama huamini kwamba ni kitu cha kumtisha mtu.

Mume wangu akauliza kwa nini zile ni rahisi hivyo. Mhindi akamgeuzia kitako cha moja. Risasi kubwa, alisema, ina fataki yake ya kuwashia baruti katikati ya kitako, imetiwa peke yake, na kazi hiyo ndiyo inayopandisha bei. Hii ndogo haina fataki ya katikati. Dawa imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, nyundo inagonga ukingo, imekwisha kazi. "Bastola ni ileile," alisema. "Utapiga mwezi mzima na mfuko wako usijue."

Mume wangu alikuwa amekulia kwenye fataki na mishindilio, kwa hiyo maelezo yale yalimwingia kama uji. Akaipima bastola mkononi. Ilikuwa nzito, ya chuma kizuri, nayo ilijaza kiganja. Nilimwona usoni kwamba ameshaipenda.

"Tunaweza kuijaribu?" aliuliza.

"Twende ghalani."

Ghala lilikuwa nyuma ya duka, la mabati kuta na paa, la kuwekea mbata. Wakaingia wawili, wakavuta mlango ili watu wa barabarani wasishtuke. Mimi nilibaki uani na kapu langu. Nikasikia kitu kama mtu anayefunga kifuniko cha sanduku. Nikaendelea kungoja wapige. Mlango ukafunguliwa, mume wangu akatoka anacheka, kidole kimoja kimo sikioni.

"Umesikia!" alisema. "Gobori halifui dafu!"

"Mmeshapiga?" nikauliza.

"Unaniuliza tumeshapiga? Masikio yanalia mpaka sasa."

"Mimi hapa nimesikia sanduku limefungwa."

Alinitazama kwa huruma. "Mke wangu, wanawake na bunduki wapi na wapi? Tazama kanga zako."

Nikatazama kanga zangu. Lakini nilikasirika, na hasira hiyo niliibeba pamoja na kapu mpaka Mlingotini. Sitamsingizia yule Mhindi. Aliulizwa kuhusu bastola ambayo risasi zake mtu maskini anaweza kuzinunua, akaitoa, na kila alichosema kilikuwa kweli. Hakuna aliyemwuliza inasikika mpaka wapi. Watu wengine wote waliokwenda kwake walitaka bunduki ya kuua. Sisi tu ndio tulitaka bunduki ya kuita watu kula.

Kibali cha kuinunua kilipatikana kwa jina la jumbe wa kijiji chetu, baada ya maswali mengi bomani, kwa sharti kwamba jumbe aihifadhi, aitoe alasiri, airudishe ndani baada ya kufungua, na isivuke uwanja wa msikiti. Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza ya kufunga kijiji kizima kilikuja uwanjani kuitazama bastola. Mume wangu amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mwadhini akamaliza. Mume wangu akanyoosha mkono kuelekea baharini.

Ta!

Watu wakangoja. Mtoto mmoja akauliza kama imeharibika. Mzee mmoja akasema, "Ukuni umevunjika, sasa tungojee bunduki." Watu walicheka, wakafungua, kwa kuwa wao adhana wameisikia kwa masikio yao. Mume wangu hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa shamba.

Tulikuwa kwenye tarawehe wakati jirani wa mama mkwe, mwanamke Mkwere aliyekuwa akimsaidia kuteka maji, alipofika msikitini amekasirika. "Mama yenu amekataa kula," alisema. "Nimemwambia nyota zimejaa. Ananiambia nina haraka ya kula." Mume wangu aliiacha sala, akatoka mbio, nami nyuma yake.

Tulimkuta kwenye mkeka, ameegemea nguzo, kikombe cha maji kimo mkononi, midomo imekauka. "Jua limezama?" aliuliza.

"Limezama zamani, mama. Kunywa."

"Mbona hujapiga?"

"Nimepiga."

"Hujapiga. Mimi macho ndiyo yamekufa, masikio bado."

Akanywa kwa kuwa aliyemwambia ni mwanawe mwenyewe. Kisha akasema neno moja lililomkata mwanawe maini: "Nilidhani umekufa." Njiani kurudi mimi, ambaye nilikuwa nimekaa na maneno yangu ya sanduku tangu Bagamoyo, niliyameza. Nilimhurumia mno.

Kesho yake mume wangu alifikiri sana. Akakumbuka ghala la mabati. Akaazima pipa tupu la jumbe, akalilaza ubavu uwanjani, na wakati ulipofika akaingiza mkono ndani ya pipa akafyatua. Kelele ilikuwepo, haki ya Mungu. Lakini risasi ilitoboa kitako cha pipa, na jumbe alikuwa ameliazima pipa hilo kwa watu wa chumvi. Ugomvi uliofuata ulisikika mbali kuliko bastola. Shambani haukufika. Jioni ile mume wangu alimtuma mpwa wake akimbie akamwambie bibi, na bibi akamjibu mpwa kama alivyomjibu Mkwere.

Ndipo nikasema. Nilikuwa natwanga mchana wa kesho yake, na kila nikipiga mchi namsikia mke wa jirani anajibu na mchi wake. Wanawake wa mashamba tunajuana kwa vinu. Utajua nani kaamka, nani kachoka, nani kagombana na mumewe. Nikamwambia mume wangu: bastola yako haifiki shambani, lakini inafika nyumbani kwetu, tuko kando ya msikiti. Nikiisikia nitatwanga mara tatu. Mke wa jirani akisikia atatwanga mara tatu. Nyumba kwa nyumba, mpaka kwa yule Mkwere, na kinu cha Mkwere mama anakisikia kila siku.

"Unataka kutwanga maji kwenye kinu," alisema.

"Wewe umeshatwanga pipa la watu," nikamjibu. "Niachie mimi."

Mwalimu wa msikiti alinuna kidogo. Bunduki tumerithi, alisema, vinu ni mambo ya jikoni. Lakini alikuwa mtu wa haki, na alipofikiri akasema kuharakisha kufungua ni sunna, na anayemfuturisha kipofu hawezi kukosa thawabu. Mwenye pingamizi kubwa alikuwa mama mkwe mwenyewe. Kutwanga kinu kitupu, alisema, ni kuita njaa, na njaa ya vita inatosha. Basi ikakubaliwa kila nyumba itie konzi moja ya mtama kinuni siku ya kwanza, iuache humo, na ifunike kwa ungo kuku wasiufikie. Nilidhani ni ukaidi wa kizee. Kumbe ndicho kitu kizuri tulichopata mwaka ule, kwa sababu kufika sikukuu, kwa mapigo matatu matatu ya kila jioni, mtama ulikuwa umekuwa unga, nasi tukaupika.

Jioni ya kwanza ya vinu nilisimama na mchi juu kama askari. Ta! Nikapiga. Nikasikia wa pili, kisha wa tatu kwa mbali, kisha ule wa nne ambao ulikuwa kama mlango unaogongwa upande wa pili wa nyumba. Halafu kimya. Nikashusha mchi, nikachukua maji yangu, nikafungua.

Sijaiweka chini kata nikasikia tena. Kwa mbali, kisha karibu zaidi, kisha kwa mke wa jirani. Vinu vilikuwa vinarudi. Sikujua la kufanya, nikatwanga na mimi mara tatu, na mume wangu akaja mbio kutoka uwanjani kuuliza kuna nini.

Ilikuwa mama mkwe. Alipokisikia kinu cha Mkwere alifungua, kisha akaenda kwa kupapasa mpaka kwenye kinu chake akapiga mara tatu, ili mwanawe naye ajue kwamba ameshasikia. Mkwere akadhani ndiyo desturi, akaupeleka mlio mbele. Hakuna aliyepanga. Gobori lilipigwa miaka yote ya ukoo ule na halikuwahi kurudisha jibu hata siku moja.

Tangu hapo ikawa hivyo kila Ramadhani. Mume wangu alipiga, akafungua kwa maji kama sunna inavyotaka, lakini tende aliishika mkononi. Alisimama pale uwanjani, bastola imesharudi kwa jumbe, mpaka vinu virudi. Nikitwanga mara tatu za pili, ndipo anatia tende mdomoni. Watu walimtania, "Unangoja ruhusa ya mama?" Naye alijibu, "Ndiyo." Vita vikaisha, baruti ikarudi madukani, na jumbe akataka tununue gobori jipya. Mume wangu alisema tutatazama. Hakutazama.

Mama mkwe alifariki katikati ya Ramadhani moja, miaka michache baada ya vita. Mkwere alimwona alasiri akitawadha, wakataniana kuhusu ndoo. Magharibi ta! ikalia, nikatwanga, vikaenda kimoja kimoja, na mimi nikasimama kungoja virudi. Havikurudi. Nikamwona mume wangu anakuja polepole kutoka uwanjani, tende mkononi.

"Hakijarudi?" aliuliza.

"Hakijarudi."

Tukashika njia ya shambani. Tulipofika, Mkwere alikuwa ameshaingia, amekaa chini, analia. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka wake wa kusalia, ubavu, kama mtu aliyejipumzisha kidogo. Ingekuwa ni gobori, mume wangu angekula, angekwenda tarawehe, angelala, na mama yake angebaki pale peke yake mpaka asubuhi. Nililifikiri hilo wakati namfunika. Sikumpenda siku zote, lakini usiku ule nililia mpaka Mkwere akaanza kunibembeleza mimi.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri, kando ya mumewe. Alasiri wanaume walimwambia mume wangu amwachie mtu mwingine kazi ya bastola kwa siku zile za matanga. Alikataa. Akashika njia ya kijijini peke yake, na mimi nikabaki shambani na wanawake, na kazi ya kuwapikia waliofunga, zamu ya kinu changu nimemwachia mke wa jirani.

Kabla ya magharibi nilifunua ungo kwenye kinu chake. Mtama ulikuwa ndani, nusu yake unga, nusu punje, kwa kuwa mwezi ulikuwa nusu. Nilitaka kuuchota nipikie uji. Kisha nikauacha.

Bastola bila shaka ililia, ila pale haisikiki. Tulisikia kinu kwa mbali, kisha kingine. Kisha cha Mkwere, karibu kabisa, mara tatu. Tukafungua kwa maji. Wanawake wote walikuwa wanatazama kile kinu. Nilijua kwamba uwanjani kuna mtu amesimama na tende mkononi, na anajua vizuri kuliko sisi sote kwamba hakuna wa kumjibu.

Nikainuka, nikashika mchi, nikatwanga mara tatu. Mkwere akapokea.

Mume wangu aliporudi baada ya isha nilimpa uji. Aliunywa wote, akaweka bakuli chini.

"Mkwere anasema umepiga kwa nguvu kuliko mama," alisema.

"Mama alikuwa mzee," nikamwambia. "Umekula tende?"

"Nimekula."